Wakati makaa yanashika moto: kusoma Neno na kusali kila siku kwa mama mwenye kazi nyingi

Kwa Kiganda neno okusoma lina kazi mbili: kusoma kitabu, na kwenda kusali. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, maana aliyetaka ubatizo alijifunza pia kusoma. Wengi wa mashahidi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani, wanaokumbukwa Namugongo kila tarehe 3 Juni walikuwa vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kutwa nzima walitumwa huku na kule, na walijifunza herufi na sala katika saa chache zilizobaki. Kwa hiyo mama anayeuza nyanya Busia, mke wa askari katika kambi ya Nsambya, au dada aliye katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwenye watoto watano na jerikani la lita 20 linalomngoja, asidhani kwamba Neno ni la watu wenye nafasi. Hapa Uganda limepokelewa tangu mwanzo na watu wasio na nafasi.

Yanayofuata ni mpango wa wiki 8 wa kusoma Injili ya Marko na kusali kwa dakika 15 kila siku, siku 6 kwa wiki. Ni kidogo, na tumekusudia kiwe kidogo. Wanawake wengi wanaoacha kusoma Biblia waliianza kwa mzigo mkubwa mno, katika saa ambayo haikuwa yao, wakachoka, kisha wakaona aibu kurudi.

Kwanza tafuta dakika ambazo tayari unazo

Usianze kwa kuamka mapema zaidi. Tazama kwanza siku yako ilivyo. Sigiri, yaani jiko la makaa, ukiiwasha alfajiri, makaa huchukua dakika 15 hadi 20 kabla hayajawa mekundu na moshi kuisha. Sufuria huwezi kuiteleka bado, na mbali huwezi kwenda, maana mtoto atayakaribia. Dakika hizo ni zako tayari, na kwa wengi zinaliwa na simu.

Keti nje karibu na mlango, sigiri ikiwa mbele yako. Usiiingize ndani ya chumba kilichofungwa hata kukiwa na baridi au mvua. Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na hata yakishakuwa mekundu bila moshi gesi hiyo bado ipo.

Kama unapikia gesi au kuni, au asubuhi yako ni ya mbio, chagua nafasi nyingine: foleni ya kisima, kumnyonyesha mtoto alfajiri, meza ya sokoni kabla wateja hawajaja, taksi inaposubiri kujaa. Chagua moja tu, uishike kwa wiki zote 8. Shughuli yenyewe itakukumbusha: ukishika kiberiti, mkono wako unajua kinachofuata ni kitabu. Mwenye kubadilisha wakati kila siku hulazimika kuamua upya kila siku, na siku ya uchovu atashindwa kuamua. Usiku baada ya kazi zote ndio wakati mbaya kuliko yote. Mtu husoma mstari mmoja mara tatu, kisha analala na Biblia kifuani.

Tayarisha vitu usiku. Weka Biblia, daftari la kurasa 96 na kalamu ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) moja, uitundike kwenye msumari mahali unapoweka kiberiti. Weka alama ya karatasi kwenye ukurasa wa kesho. Uganda jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo anayewasha moto saa kumi na moja na nusu anahitaji tochi. Kama tochi yako ni ya simu, zima data kwanza. Ujumbe mmoja wa kikundi cha familia ukiingia, dakika 15 zimekwisha.

Biblia ipi, na lugha ipi

Soma katika lugha unayoiwazia. Kama ukigombana unagombana kwa Kiswahili, soma kwa Kiswahili. Kama unalia kwa Kilugbara au Kiganda, tafuta Biblia ya lugha hiyo hata kama mahubiri ya Jumapili ni ya Kiingereza. Kusoma lugha ambayo lazima uitafsiri kichwani ni kazi mara mbili, na akili ya alfajiri haina nguvu hiyo.

Kwa Kiswahili, ile ya Union Version ya mwaka 1952 ndiyo wengi wameikariri tangu utotoni. Ina uzuri wake, lakini baadhi ya maneno yake hayasemwi tena sokoni. Biblia Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa anayeanza. Kama unazo zote mbili, soma kifungu katika Habari Njema upate maana, kisha Union Version ikupe maneno ya kushika moyoni. Usishangae Biblia ya jirani Mkatoliki ikiwa na vitabu 73 na yako 66. Marko ni ile ile, yenye sura 16, na mnaweza kuisoma pamoja bila tatizo.

Asiyejua kusoma, au ambaye macho yamechoka, ana njia mbili. Biblia ya kusikiliza huwekwa kwenye kadi ya simu na haihitaji intaneti tena. Au mtoto wa shule asome kwa sauti. Kama Kiswahili chake bado kinasuasua, mpe mistari michache na usimkemee anapokwama. Mtoto aliyekaripiwa akisoma Biblia atakumbuka karipio.

Dakika 15 zinavyogawanyika

Dakika ya kwanza kaa kimya, mikono ikiwa wazi, useme sentensi moja tu, kwa mfano: "Bwana, sema, nasikiliza." Dakika 7 zinazofuata soma kifungu cha siku mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo. Sauti huzuia macho kuruka mistari uliyoizoea. Dakika 3 andika. Dakika 4 za mwisho sali kutokana na ulichoandika. Basi, weka chai.

Marko ina mistari kama 678. Ukisoma mistari kama 14 kwa siku, siku 6 kwa wiki, unaimaliza kwa wiki 8. Lakini usikate kwa hesabu, kata pale hadithi inapokatika. Wiki ya kwanza iende hivi: Jumatatu 1:1-13, Jumanne 1:14-28, Jumatano 1:29-45, Alhamisi 2:1-12, Ijumaa 2:13-28, Jumamosi 3:1-19. Jumapili usisome kifungu kipya. Sikiliza mahubiri, kisha jioni pitia ulichoandika wiki nzima. Baada ya wiki ya kwanza utaweza kukata vifungu mwenyewe. Sura ya 14 ni ndefu, ina mistari 72, kwa hiyo ipe siku 5. Ukianza tarehe 8 Aprili, utamaliza karibu na tarehe 3 Juni, wakati mahujaji wanapopita barabarani kwenda Namugongo. Ni wakati mzuri wa kumaliza, ingawa wiki yoyote inafaa kuanza.

Katika daftari andika tarehe, kifungu, na majibu ya maswali matatu, kila jibu mstari mmoja au miwili:

1. Yesu anafanya nini au anasema nini hapa?
2. Nani yupo, na anataka nini?
3. Nifanye nini leo kabla jua halijatua?

Swali la tatu ndilo huharibika mara nyingi. Watu huandika "niwe na imani zaidi" au "nimpende jirani". Jioni huwezi kujua kama ulifanya au hukufanya. Jibu zuri lina jina la mtu au kitu ndani yake: "Nimrudishie mama Opio shilingi elfu tano zake kabla hajauliza." "Nisijibu ujumbe wa wifi mpaka hasira itulie." "Nimpelekee maji bibi wa chumba cha nyuma." Kama jibu lako halina mtu, kitu wala saa, liandike upya.

Kifungu kimoja, pole pole

Chukua Marko 5:21-43. Ni kirefu, kwa hiyo kigawe kwa siku mbili, lakini kitazame chote kwanza uone jinsi kilivyoshonwa.

Yairo, mkuu wa sinagogi, anakuja. Binti yake yu karibu kufa. Yesu anaondoka naye, umati unamsonga. Hapo anaingia mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Marko anasema waziwazi kwamba aliteswa na waganga wengi, yaani matabibu wa wakati ule, akatumia vyote alivyokuwa navyo, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya Wayahudi hali yake ilimfanya kuwa najisi, na alichokigusa kikawa najisi. Ndiyo maana anakuja kwa nyuma. Anagusa vazi, anapona, na anataka kuondoka kimya kimya.

Yesu anasimama. Shika kalamu hapo. Mtoto anakufa, baba yake amesimama pale roho mkononi, na Yesu anasimama kuuliza nani amemgusa. Mwanamke anakuja akitetemeka, anasema kweli yote. Yesu anamwita "Binti". Na wakati huo huo wajumbe wanafika kusema kwamba binti wa Yairo amekwisha kufa. Marko anamalizia kwa kutaja umri wa yule mtoto: miaka 12, sawasawa na miaka ya ugonjwa wa yule mama. Mmoja alizaliwa mwaka ambao mwingine alianza kuteseka, na wote wawili katika simulizi hii wanaitwa binti.

Jibu la swali la kwanza linaweza kuwa: "Anasimama kwa mtu ambaye wengine hawakumwona." La pili: "Mama anataka kupona bila kujulikana. Yairo anataka Yesu aharakishe." La tatu litategemea wewe ni nani katika kifungu asubuhi hiyo. Kama wewe ni yule mama, labda leo ni siku ya kumwambia mtu mmoja unayemwamini jambo ulilolificha. Kama wewe ni Yairo, unangoja na unaona wengine wanahudumiwa mbele yako, basi jibu ni mstari wa 36: usiogope, amini tu. Uandike kwenye karatasi, uweke kwenye pochi ya pesa ulizofunga kiunoni.

Kuna kosa kubwa linalofanywa na kifungu hiki, nasi tunalisema bila kuzunguka. Wengine hukitumia kuwaambia akina mama waache dawa, kwa kuwa yule mwanamke waganga walimshinda. Marko hamlaumu kwa kwenda kwa waganga. Anaeleza jinsi alivyoteseka na kugharimika. Na angalia jambo la mwisho Yesu analosema katika sura hiyo, baada ya kumfufua mtoto: anaagiza apewe chakula. Muujiza umekwisha kutendeka, na bado mtoto anahitaji uji. Dawa za ARV, za presha na za kisukari zinamezwa, na maombi yanaendelea.

Kusali wakati maneno hayaji

Dakika 4 za asubuhi zianzie kwenye kifungu ulichosoma, kisha uende kwenye orodha. Orodha iwe nyuma ya daftari, ukurasa uliogawanywa kwa mstari wa wima. Kushoto andika ombi na tarehe, kulia acha wazi kwa tarehe ya jibu. Maombi yasizidi 7 kwa wakati mmoja. Ukitaka kuongeza la 8, soma orodha uone kama lipo lililojibiwa ambalo hukulitambua. Mara nyingi lipo. "Karo ya muhula wa pili" ililipwa wiki 3 zilizopita na hakuna aliyeshukuru. Jibu likiwa "hapana", liandike pia kulia. Kulificha kunafundisha moyo kwamba Mungu ni wa kuambiwa mazuri tu.

Siku ya hasira au ya msiba, tumia Zaburi 13. Ina mistari 6 na imegawanyika vizuri. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, na "hata lini" inarudiwa mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni tumaini. Andika zaburi yako kwa umbo hilo hilo: mistari miwili ya kulalamika bila kupamba, miwili ya kuomba jambo kwa jina lake, miwili ya kumkumbusha Mungu na kujikumbusha wema wa zamani. Usiruke sehemu ya kwanza. Mama aliyefiwa ambaye kila mtu anamwambia "shukuru kwa yote" anahitaji kujua kwamba Biblia yenyewe imempa maneno ya kulia. Kama sehemu ya tatu haiji leo, iache. Zaburi 88 inaishia gizani na bado imo katika Biblia.

Mchana, sali kama Hana alivyosali katika 1 Samweli 1. Midomo yake ilitikisika na sauti yake haikusikika, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Sala ya namna hiyo inafaa kwenye taksi, shambani, na ofisini mbele ya bosi mkali. Chagua sentensi fupi moja kutoka kifungu cha asubuhi, uirudie kila unapofanya kitu fulani kinachojirudia: kila ukifungua bomba, kila ukihesabu chenji. Kabla ya kulala, Zaburi ya 4 mstari wa 8 inatosha, au Zaburi 121 yote, ambayo ni mistari 8 tu na watoto wataikariri kwa wiki mbili mkiisema kila usiku pamoja.

Yanayovunja mpango

Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka ni mzuri kwa aliyekwisha zoea, lakini unawaangusha wanaoanza, na sababu yake ni hesabu tu. Sura ni 1,189, kwa hiyo ni zaidi ya 3 kila siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40. Aliyeanza tarehe 1 Januari anaingia Mambo ya Walawi mwisho wa mwezi, katikati ya maelekezo ya sadaka za kuteketezwa, wakati ule ule shule zinapofungua na karo inadaiwa. Hapo ndipo alama ya kitabu hubaki hadi Desemba. Walawi ni kitabu cha thamani, ila kisiwe mlima wako wa kwanza.

Kukosa siku moja hakuvunji kitu. Kinachovunja ni kujaribu kulipa deni: umekosa Jumanne, Jumatano unataka kusoma vifungu viwili, makaa yanakwisha, unakosa, Alhamisi deni ni vitatu. Kanuni ni moja: usilipe. Soma kifungu kinachofuata pale alama ilipo, hata kama tarehe imepita. Mpango wa wiki 8 ukichukua 11, umeisoma Marko yote. Mgonjwa akiwepo nyumbani au ukiwa umejifungua, punguza hadi mstari mmoja kwa siku. Usipunguze hadi sifuri.

Makesha ya kila wiki nayo tuyatazame kwa ukweli. Kukesha katika maombi ni desturi yenye nguvu hapa kwetu, na hatuwakatazi watu. Lakini mama anayekesha kila Ijumaa kisha Jumamosi anafungua meza ya sokoni saa moja, akirudi nyumbani anawafokea watoto kwa sababu ya usingizi. Usiku mmoja kwa mwezi, ukiwa umelala mchana wake na umekubaliana na waliobaki nyumbani, unatosha wengi wetu.

Mume asiyesali, au wa dini nyingine, asifanyiwe mahubiri kwa kupitia sala zako za sauti. Akikusikia unamwambia Mungu makosa yake mbele ya sigiri, umemsema, hujamwombea. Andika ombi hilo kwa herufi ya kwanza ya jina lake tu, na umpe chai ikiwa moto.

Kufunga bila kujiumiza

Ukitaka kufunga, anza na mlo mmoja: acha chakula cha mchana, kunywa maji kawaida, tumia dakika zile za kula kusali. Fanya hivyo mara moja kwa wiki kwa wiki 4 kabla ya kufikiria siku nzima. Wasifunge chakula wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, na wanaomeza dawa zinazotaka chakula, isipokuwa mhudumu wa afya amekubali. Hao wafunge kitu kingine: simu baada ya saa moja jioni, soda, redio. Ukianza kutetemeka, kuona giza au kichwa kuuma sana, kula. Hujamkosea Mungu.

Sehemu inayosahauliwa ni Isaya 58. Pale Mungu anasema saumu anayoitaka ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo posho (ugali) na maharage uliyoacha kula yasibaki kwenye sufuria kuwa chakula cha jioni. Yapime, uyapeleke kwa mtu. Hapo saumu ina uzito unaoshikika mkononi.

Mtu akikutaka pesa ili akuombee

Dada anayeanza kusali kwa bidii huwa na kiu, na wako wanaoinywesha kiu hiyo kwa bei. Kipimo ni rahisi. Akitaja kiasi cha pesa kabla ya kuomba, au akisema jibu litachelewa usipotoa "mbegu", ondoka. Yesu aliwaambia wanafunzi wake katika Mathayo 10:8 kwamba wamepata bure, watoe bure. Katika 2 Wafalme 5 Elisha alikataa zawadi ya Naamani baada ya uponyaji, na Gehazi aliyekimbia kuifuata alipata ukoma. Sadaka ya kanisani kwako, inayoandikwa na kusomwa mbele ya waumini, ni jambo jingine kabisa. Ipe kwa furaha.

Kipimo cha pili ni tarehe. Ukifika Marko 13 utakuta maneno ya siku za mwisho, na patakuwa na mtu wa kukuhesabia mwaka. Mstari wa 32 unasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Uganda ililipa gharama kubwa kwa jambo hili. Huko Kanungu kundi lililotangaza mwisho wa dunia liliwafanya waumini wauze mali zao, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lao, wengi wao wanawake na watoto. Mafundisho yanayokutaka ukate mawasiliano na ndugu, uuze shamba haraka, au umfiche mumeo na mchungaji wako unachofundishwa, yaache siku hiyo hiyo, na umwambie mtu.

Kuwa na wenzako

Wiki ya tatu au ya nne, tafuta wenzako. Wanawake 4 hadi 6 wanatosha. Wakizidi 8, wawili watasema na wengine watasikiliza. Kutaneni mara moja kwa wiki kwa saa moja kamili, mkizunguka nyumba kwa nyumba: dakika 10 za salamu na wimbo, 10 za kusoma kifungu mara mbili kwa sauti mbili tofauti, 20 za maswali yale matatu, 15 za kuombeana, 5 za kufunga. Mmoja ashike saa, na asione haya kumkatiza mkubwa wake kwa heshima: "Mama, samahani, tuendelee na mwenzako." Msipotunza saa, mwenye watoto wadogo ataacha kuja bila kusema sababu.

Kubalianeni kwamba mwenyeji atatoa chai kavu tu. Mama wa kwanza akiweka chapati na mayai, wa tatu atahama zamu yake kwa aibu. Mkiwa na lugha tofauti, jambo la kawaida Arua, Busia au kambini, someni kwa Kiswahili na kila mmoja asali kwa lugha yake. Hakuna haja ya kutafsiri sala.

Siri ndiyo huua vikundi vingi. Semeni kila mara mnapoanza, hata kama inachosha: yanayosemwa hapa hayaendi kisimani. Usiombee jambo la mwenzako mbele ya wengine kama hakukuruhusu, maana "tumwombee dada fulani, ndoa yake..." ni umbea uliovaa nguo ya sala. Mwenzenu akisema anapigwa, msimalize kwa kumwombea avumilie. Sali naye, kisha mmoja amsindikize kwa kiongozi wa mtaa, polisi au kituo cha afya, popote atakapokuwa salama.

Na pesa ziwe mbali. Kikundi cha akiba ni kitu kizuri, lakini kiwe na siku yake na sanduku lake. Vikichanganywa, aliyechelewesha mkopo ataacha kuja kusali, na huyo ndiye aliyehitaji kuombewa zaidi.

Wiki ya nane

Utafika Marko 16. Wanawake watatu wanakwenda kaburini alfajiri na manukato waliyonunua, wakiulizana nani atawavingirishia lile jiwe. Walikwenda bila kujua jibu. Soma mstari wa 1 hadi 8 polepole kama kifungu kimoja. Mistari ya 9 hadi 20 haimo katika baadhi ya nakala za kale zaidi, ndiyo maana Biblia nyingi huiweka katika mabano. Isome siku inayofuata bila wasiwasi.

Jumapili pumzika na upitie daftari lote, ukianza na safu ya kulia ya maombi. Jumatatu, makaa yakiwa bado yanatoa moshi, fungua Ruthu sura ya 1. Kitabu kina sura 4 na mistari 85, kwa hiyo kitakuchukua wiki moja. Baada yake fungua Wafilipi, sura 4 pia, waraka wa kanisa lililoanza na Lidia, mama mfanyabiashara wa nguo za zambarau, ambaye habari yake utaikuta katika Matendo 16.